Nani Ameoga na Fisi?

Nyumbani kwetu mtu haingii bafuni mpaka aseme anaoga na nani. Sungura ana foleni, maana ametiwa mchaichai na harufu yake hukaa mwilini mpaka adhuhuri. Kobe hutafutwa na wenye visigino vilivyopasuka. Chui ni wa binti yetu mkubwa, na ole wake atakayemgusa. Fisi hubaki kwenye kisahani, mweusi tii, kwa sababu ana mkaa wa vifuu vya nazi, na anayemtumia ovyo huacha povu la kijivu ukutani na mistari kwenye taulo nyeupe ya mama mkwe. Ndiyo maana hapa kwetu Tanga, alfajiri, hata kabla ya shikamoo, swali linalopasua nyumba ni hili: "Nani ameoga na Fisi?"

Ndugu msomaji, kama na wewe una mke mwenye kipaji, mkwe mwenye kumbukumbu na watoto wenye midomo, vuta kiti. Wewe na mimi tunajuana.

Mke wangu tunamwita Kepteni. Jina hilo alipewa na mdogo wake walipokuwa wakivuka kwenda Pemba, bahari ikachafuka, abiria wakabaki kuomba dua, naye akaanza kuwapanga: wewe kaa huku, wewe mshike mtoto, wewe usitapikie upande unaotoka upepo. Tangu hapo hajashuka cheo. Akishika jambo, kila mtu nyumbani hupewa zamu. Kwa hiyo aliporudi kutoka kwenye mafunzo ya sabuni ya kikundi chao cha akina mama, na daftari kwapani na mizani ndogo ya jikoni mkononi, nilijua kabati la vyombo limekwenda.

Wazo lenyewe alilitoa tukiwa tunakula, na mpaka leo naliona zuri kuliko yote yaliyowahi kuingia kwenye mlango wetu. Sabuni za kuogea za kutengeneza kwa mkono, za mafuta ya nazi na mimea ya huku huku, na kila sabuni iwe na mnyama wake wa hadithi. Kwenye karatasi ya kufungia iandikwe hadithi yenyewe kwa ufupi, ili mtoto akikaa kwenye beseni mama yake amsimulie.

"Watoto wetu wanamjua simba wa katuni anayeimba," alisema. "Sungura aliyelamba asali ya simba hawamjui."

Pale mama mkwe akainua uso kutoka kwenye sahani. Mama mkwe wangu ndiye Bi Kiganja. Maisha yake yote hupima kwa kiganja: mchele, chumvi, hina, dawa ya kikohozi. Enzi zake alikuwa somo, akifunda wari, na singo yake ilitafutwa kutoka Pangani hadi Moa. Manjano, liwa, asumini, mrehani, karafuu za kusaga, vyote vilipita kwenye kiganja hicho kimoja. Na ndiye mwenye hadithi. Nilipooa, nilikuta wajukuu wa ukoo mzima wakimzunguka kila jioni barazani, wakiitikia mpaka majirani wanasikia. Baadaye ikaja televisheni, zikaja simu, hadithi zikawa zinakatika katikati kwa kuwa msikilizaji amekwisha inama kwenye kioo chake. Yeye alinyamaza, hakulalamika. Mimi nilikuwa naumia kumwona akianza "Paukwa" halafu hakuna anayejibu "Pakawa".

Binti yetu, ambaye kila aliyewahi kumkataza jambo humwita Wakili, alikwenda kuchimba mtandaoni na kurudi na habari: hadithi za bibi zimo kitabuni! Edward Steere, mmisionari Mwingereza aliyekaa Unguja, alizikusanya na kuzichapisha London mwaka 1870.

"Alizisikia kwa nani?" Bi Kiganja akauliza.

"Kwa watu wa Unguja, bibi."

"Basi mwambie na mimi nilizisikia kwa watu."

Katika kitabu hicho imo ile ya Kima, Papa na Punda wa Dobi. Kima alikaa juu ya mkuyu ufukweni, akimtupia Papa matunda, wakawa marafiki. Papa akamwalika kwao, na katikati ya bahari akamwambia ukweli: sultani wao ni mgonjwa, dawa ni moyo wa kima. Kima akamjibu kwamba mbona hakusema mapema, wao wakisafiri mioyo huiacha mtini. Akarudishwa kwenda kuuchukua, akapanda mkuyu, na ndio ukawa mwisho wa safari. Papa alipomwita tena, Kima akamsimulia habari za punda wa dobi, aliyemkimbia simba akaponea chupuchupu, kisha akadanganywa akarudi akauawa. Sungura akamla moyo na masikio, na simba alipouliza viko wapi akaambiwa punda huyu hakuwa na moyo wala masikio, angekuwa navyo asingerudi.

Sasa pata picha familia inayojadili iwapo mtu anaweza kununua sabuni inayoitwa Punda wa Dobi. Kepteni aliitaka kwa sababu katika hadithi zote ndiyo yenye dobi ndani yake. Bi Kiganja alisema hakuna mwanamke wa Tanga atakayejipaka punda. Shemeji yangu, mdogo wa Kepteni, aliunga mkono pande zote mbili. Tulilala bila mwafaka, na nitarudi kwa punda huyo.

Sabuni, kwa asiyeijua, ni mafuta yaliyokutana na kostiki soda. Njia ya pembeni haipo. Hata ile iliyopambwa kwa picha za maua na kuandikwa "ya asili", kama ni sabuni kweli, imepitia kwenye magadi ya namna fulani, yawe ya dukani au ya majivu. Afrika Magharibi hadi leo wanachoma maganda ya ndizi na ya kakao kupata majivu ya sabuni yao nyeusi. Kostiki ni kali, inaunguza ngozi na inapofusha, kwa hiyo Kepteni aliweka sheria kabla ya kufungua kopo: glavu, miwani, mikono mirefu, kazi ifanyike uani penye hewa, na watoto wakae ng'ambo ya kamba ya nguo. Kostiki hutiwa ndani ya maji. Maji hayamwagwi juu ya kostiki kamwe, maana huchemka ghafla na kuruka usoni. Hata ukifuata utaratibu, maji ya bombani huwa ya moto karibu ya kuchemka bila jiko lolote chini yake.

"Kwa nini?" akauliza mtoto wetu wa mwisho kutoka ng'ambo ya kamba. Huyu tunamwita Kwa Nini. Jina la shule analo, lakini halitumiki.

Vita ya kwanza ilikuwa ya mizani. Bi Kiganja alitaka kupima kostiki kwa namna anayopima kila kitu. Kepteni akamshika mkono, kwa adabu zote za mtoto kwa mama yake, akamwambia hapa kiganja hakiingii. Kilo moja ya mafuta ya nazi hula gramu 183 hivi za kostiki. Yeye hupunguza asilimia 5, anaweka gramu 174, ili mafuta kidogo yabaki ya kulainisha ngozi. Ukizidisha, sabuni inachubua watu. Ukipunguza mno, inabaki na mafuta yasiyogeuka, na baada ya muda inaanza kuvunda.

"Na mafuta ya zeituni?" Kwa Nini akauliza.

"Gramu 135 hivi."

"Kwa nini yao kidogo?"

Wakili akamweleza kwamba kila mafuta yana asidi zake, za nazi ni fupi na nyingi, na kwamba aliyefumbua fumbo hilo la mafuta na sabuni ni Mfaransa Michel Eugène Chevreul, aliyechapisha kitabu chake mwaka 1823 na akafa ana miaka 102. Bi Kiganja, aliyekuwa amenuna pembeni, akageuka.

"Miaka mingapi?"

"102, bibi."

"Huyo alikuwa anaoga vizuri," akasema, na kutoka hapo akairuhusu mizani ikae jikoni.

Lakini hakuacha kipimo chake chote. Sabuni ikikatwa, yeye huigusa kwa ncha ya ulimi. Ikiuma, haijaiva. Kepteni ana vikaratasi vya kupimia ukali wa magadi. Mara nyingi ulimi na karatasi husema jambo moja, na vikitofautiana, sabuni hurudishwa rafuni. Huwa inahitaji wiki nne mpaka sita za kukaa penye hewa, maji yakauke na kipande kikomae, na hapo ndipo mimi na wewe tunapokutana kama waathirika, maana penye hewa nzuri kuliko pote katika nyumba yetu ni rafu ya juu ya kitanda changu. Nalala chini ya pundamilia. Mashati yangu ya kazini yananukia mchaichai na iliki, na pale bandarini wenzangu hunitambua kabla hawajaniona.

Nikuambie sasa habari za Mwenyekiti.

Mwenyekiti lilikuwa sufuria la Bi Kiganja, kubwa, la alumini, alilopewa na mama yake. Hakuna shughuli ya ukoo ambayo halikuhudhuria. Limepika pilau la harusi yetu, la hitima za wazee, la akika ya watoto wote. Shemeji yangu, yule wa kuunga mkono pande zote, tunamwita Mwendokasi, kwa kuwa hufanya kila kitu kabla ya kusikia mwisho wa maelezo. Kepteni alimwambia, "Hiyo kostiki usiimimine kwenye..." na yeye akawa ameshamimina.

Kostiki na alumini havikai chombo kimoja. Inaila alumini na kutoa gesi ya haidrojeni, ambayo cheche moja inaiwasha. Mwenyekiti lilianza kutokota bila moto, likatoa povu la kijivu na mvuke unaokaba, na harufu ikatufukuza wote. Kepteni akapaza sauti ya baharini: jiko la mkaa limwagiwe maji, watoto nje ya geti, mtu asilisogelee! Tukasimama barabarani na majirani wakasimama nasi. Lilipotulia, chini palikuwa pamechimbika vishimo vishimo na ukingo mmoja umebaki mwembamba.

Bi Kiganja hakumgombeza mtu. Hilo lilikuwa baya zaidi. Alikaa barazani na khanga begani, na majirani waliokuja kuuliza kelele ni za nini wakajikuta wakimpa pole, mmoja akaleta na sukari. Mwendokasi alitozwa faini ya ukoo: sufuria jipya la stenlesi la sabuni, na jingine kubwa la pilau, na kusugua masufuria yote ya nyumba mpaka mkwe aseme basi. Bi Kiganja mpaka leo hajasema basi. Mwenyekiti sasa limepandwa mrehani, uani, upande wa kibla, na majani yake huingia kwenye Sungura.

Mimea nayo ina tabia ambazo hakuna aliyetutayarisha nazo. Kepteni alitaka Swala awe wa rangi ya waridi, hivyo akaloweka choya, ile nyekundu tunayotengenezea juisi. Ilipokutana na magadi, nyekundu yote ikageuka kijani chafu, halafu kijivu, na Swala akatoka na rangi ya tope. Manjano yalifanya kinyume: yalipoingia kwenye uji wa sabuni yakawa mekundu ya kutisha, tukadhani mambo yameharibika, na wiki zilivyopita yakarudi taratibu kuwa dhahabu. Maua karibu yote hufubaa. Ni machache yanayostahimili. Kepteni alihuzunika kwa Swala kuliko alivyohuzunika kwa vitu vikubwa zaidi, mpaka Wakili akachukua juisi ya choya akaigawa glasi mbili, moja akatia ndimu, nyingine akatia magadi kidogo, akatuonyesha moja ikizidi wekundu na nyingine ikigeuka kijani. Tulikaa tukitazama glasi hizo muda mrefu, hata mimi niliyekuwa na haraka. Baada ya hapo mkaguzi wa rangi za wanyama ni Wakili. Swala sasa ni wa udongo mwekundu uliochekechwa, usioogopa magadi, na kwa kweli ndiyo rangi yake porini.

Simba ndiye aliyetuvunjia kabati.

Ilikuwa lazima awe na asali na manjano na maziwa ya mbuzi. Kepteni alitaka apendeze kuliko wote. Akampika, akammimina kwenye boksi la mbao, akamfunika blanketi ili asipoe haraka, akamfungia kwenye kabati la vyombo, mwezi wa Februari, Tanga, joto unalijua. Sukari ya asali huongeza moto ndani ya sabuni, na ya maziwa huongeza mwingine. Usiku tukasikia mlango wa kabati ukisukumwa kutoka ndani. Nilipofungua, Simba alikuwa amefura juu ya boksi kama mkate uliozidishwa hamira, amelivua blanketi, ameteremka rafu kwa rafu juu ya vikombe, visahani na birika la kahawa, na anaendelea. Sabuni mbichi bado ina kostiki hai, kwa hiyo hakuna wa kuishika kwa mkono. Kepteni akagawa glavu. Watoto wakaamshwa kwa kelele zetu. Nyumba ikanuka asali iliyoungua na maziwa yaliyochacha, na paka wetu, Meya, akahamia juu ya feni.

Ni katika usafi ule, usiku wa manane, sisi tumepiga magoti na vitambaa na ndoo za maji, ndipo Bi Kiganja akavuta kiti mlangoni akasema, "Paukwa."

Kwa uchovu tukajibu wote, "Pakawa."

Akaanza. Sungura aliona asali kwenye mbuyu, na asali ilikuwa ya Simba. Akamdanganya Kobe kwamba ni urithi wa baba yake, wakapanda, wakafukiza nyuki, wakala. Simba akatokea chini ya mti, akauliza ni nani huko juu. Sungura alivyonyakuliwa alipata hila yake akachomoka. Kobe, mzito, asiyeweza kukimbia, akabaki makuchani. Simba akamwuliza amuue vipi. Kobe akamwambia hakuna njia ila moja: nipeleke kwenye tope, unisugue mgongo mpaka gamba litoke. Simba akasugua, akasugua, Kobe akateleza ndani ya tope akaenda zake, na Simba akaendelea kusugua jiwe mpaka viganja vikachubuka.

Nilipoinua kichwa, hakuna aliyekuwa anafanya kazi. Kwa Nini alikuwa amekaa sakafuni kwenye maji, mdomo wazi. Simu ya Wakili ilikuwa mezani, imegeuzwa kifudifudi. Mwendokasi, mtu mzima, alikuwa ameshika birika akicheka peke yake. Mke wangu alinitazama, nami nikamtazama, na kwangu mimi birika na vikombe na mlango wa kabati vilikuwa vimelipwa.

Kobe alizaliwa usiku ule. Ana kipande cha dodoki katikati, kimekatwa duara, na majani ya mwarobaini yaliyosagwa, na juu ya karatasi Wakili aliandika amri ya Kobe kwa Simba. Ndiye anayeuzwa kuliko wote.

Kwa Nini akataka kujua asali nyingine ni ya nani kama ile ilikuwa ya Simba. Bi Kiganja akamwambia ya nyegere, mnyama mdogo asiyeogopa nyuki wala mtu. Hapo tukaingia kwa ndege mlembe, anayewaongoza watu kwenye mizinga ya porini ili yeye apate nta. Wahadzabe wa huko Ziwa Eyasi humfuata mpaka leo. Wayao wa Niassa, kaskazini mwa Msumbiji, wana mlio wao wa kumwita, na utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba ukiitoa sauti hiyo nafasi ya kuongozwa na ndege huongezeka mara mbili hivi. Kwa Nini alishinda wiki nzima uani akijaribu milio. Alichokipata ni kunguru.

Baadaye akaja Shangazi Redio. Ni shangazi yake Kepteni, anatoka Pemba, na akishuka botini mtaa mzima unakuwa umepata taarifa ya habari kabla hajafika kwetu. Alileta chupa ya mafuta ya makonyo, yale ya vikonyo vya karafuu. Kepteni akayatia kwenye Nyati, sabuni aliyotaka iwe na ukali wa karafuu na mdalasini wa Amani. Mafuta ya karafuu hugandisha sabuni ghafla, na haya yalikuwa mazuri sana. Mwiko ukasimama wima katikati ya ndoo. Kabla Shangazi hajamaliza sentensi yake, na sentensi zake ni ndefu, Nyati alikuwa mwamba mmoja wa umbo la ndoo.

Sabuni iliyoganda hivyo haitupwi. Hukunwa, ikayeyushwa upya na maji kidogo, ikashindiliwa kwenye boksi. Mwendokasi alipewa kazi ya kuikuna. Naye, ndugu msomaji, alichukua mbuzi. Alikaa juu ya mbuzi ya nazi ya mkwe wangu wa heshima, yaani mama yake mwenyewe mzazi, akakuna sabuni ya karafuu siku nzima, akaifuta kwa kitambaa, akairudisha mahali pake.

Ijumaa Bi Kiganja akapika wali wa nazi. Tulikuwa na wageni, watu wa heshima, kutoka upande wangu. Tui lilipochemka likatoa povu zuri, jeupe, lisiloisha. Akalipunguza kwa upawa, likarudi. Baba yangu mkubwa ndiye aliyeonja wa kwanza. Alitafuna polepole, akameza, akasema wali una viungo vya kipemba, na akaomba maji. Shangazi Redio akajibu kwamba Pemba hawana wali wa namna hiyo na asisingiziwe. Tulikula mkate na samaki wa kupaka, na wageni waliondoka kwa upendo. Mbuzi mpya ilinunuliwa, nayo imefungwa kwa kufuli, na ufunguo uko shingoni mwa Bi Kiganja.

Kima na Papa hawakutusumbua hata kidogo. Ni sabuni ya rangi mbili, kahawia juu na buluu-kijivu chini, na chini kuna unga wa mwani. Kepteni alilipata wazo hilo Paje, Unguja, ambako akina mama wanalima mwani kwenye maji ya kina kifupi. Kilimo hicho kilianza kibiashara mwaka 1989, mbegu zikitoka Ufilipino, na kwa miaka mingi mwani ulikaushwa tu na kusafirishwa kwa bei ya chini. Sasa baadhi yao wanausaga na kuutia kwenye sabuni wenyewe, na kipande kimoja kinawapa zaidi ya walichopata kwa mwani mkavu wa uzito huo. Kepteni alikaa nao, akarudi na magunia na mbinu, na heshima kubwa sana kwa watu wanaofanya kazi na maji yamewafika kiunoni.

Tulianza kuuza kwa majirani, kwenye gulio na kwenye maonyesho ya wajasiriamali, na kazi ya kupata kibali cha Shirika la Viwango, TBS, inaendelea ili sabuni ziingie madukani. Kwenye meza yetu watu hawanunui haraka. Wanasimama, wanasoma karatasi, kisha wanaanza kubisha. Mzee mmoja alisema kwao Lushoto aliyemponza Simba hakuwa Kobe bali ni Sungura mwenyewe. Bi Kiganja akamwambia akae. Walibishana mpaka jua likazama, akaondoka na Kobe kadhaa na kuahidi kumleta dada yake, anayeijua vizuri zaidi. Akamleta. Wakili sasa ana daftari la hadithi, na kila toleo lina jina la mji wake.

Fisi ndiye aliyebaki mezani kwa muda mrefu. Watu walipenda rangi yake wakaogopa jina. Basi Kwa Nini akapanda juu ya kreti akaanza kuwasimulia watoto wenzake habari za Fisi wa njia panda, aliyenusa nyama kwenye njia zote mbili, akataka zote. Ila mwisho wake ameubadilisha: Fisi wa zamani hupasuka msamba, wake hapasuki. Anakaa chini pale pale, ananuka, mpaka Sungura anamwonea huruma anampa sabuni. Bi Kiganja alisikia upotoshaji huo akiwa kwenye kiti chake. Nilimtazama nikidhani atamkatisha. Alitikisa kichwa, akamwambia Wakili, "Andika. Weka na mji wake, Tanga."

Fisi waliisha siku ile.

Na punda? Shauri lilikatwa na mwenye kulikataa. Bi Kiganja alisema kuoga na punda haiwezekani, lakini kufulia inawezekana, maana dobi alikuwa mfuaji. Kepteni akalipokea hapo hapo. Punda wa Dobi atakuwa mche wa kufulia, wa mafuta ya nazi matupu, bila kupunguza kostiki, gramu 183 kwa kilo, ili asibaki na mafuta ya kuachia nguo. Mwendokasi amepewa kazi ya kuchonga muhuri wa mti wa kupigia chapa. Anachonga vizuri, kwa kasi, na Bi Kiganja amekwisha mrudishia mihuri kadhaa, kwa sababu kila mara anamwekea punda masikio.